Shingo ya Mama Yako

Asha mwanangu,

Salamu utazipata nyingi kesho asubuhi mbele ya motoka, mpaka masikio yachoke. Mimi leo sina salamu. Nina karatasi ya labo, majibu ya damu, yenye jina lako. Iko ndani ya mfuko wa shati langu tangu Jumatano, na leo ni Jumamosi. Jana Ijumaa, sheikh alipounganisha mkono wangu na mkono wa Yusufu kwenye nikah yako, karatasi ilikuwa hapahapa kifuani, nimeikunja mara nne. Mama yako ameniuliza mara mbili kama majibu yametoka. Mara mbili nimemjibu bado.

Nimeyaandika hayo kwanza ili nisipate pa kukimbilia. Najijua. Nikianza na habari za safari yako ya Kisenge kwa mumeo nitakuandikia barabara ya Mutshatsha shimo kwa shimo, daraja kwa daraja, mpaka wino uishe, na karatasi itabaki mfukoni.

Sasa hivi uko kwa jirani unapakwa hina. Shangazi yako Mwamini yuko uani, anagombana na vijana wanaopakia vyombo vyako. Nilishasema godoro linawekwa juu, mwisho. Yeye anataka liwe chini ya masanduku, eti lisile vumbi. Ngoja nikaone.

Nimerudi. Godoro liko chini. Dada yangu akishasema neno, hata lori langu, kamiyo yangu mwenyewe, inamtii yeye. Nimepita pia kupima upepo wa magurudumu, mara ya tatu tangu adhuhuri, na upepo ni uleule.

Usinicheke Kiswahili. Babu yako alitoka Kasongo na Kurani yake na fimbo yake, akanifundisha kuandika Kiswahili cha chuoni, na mkono wangu haujui kingine. Mdomo ni wa Kolwezi, huo unaujua mwenyewe.

Nataka kukusimulia habari za mama yako. Utasema unazijua. Unazijua kwa macho ya mtoto, na mtoto anaona sahani, haoni aliyelala njaa.

Ulikuwa na miaka saba, mdogo wako amezaliwa juzijuzi, mama yako alipoanza kunenepa. Mimi nilifurahi, sikufichi. Nilikuwa nimepata kamiyo yangu ya kwanza, nabeba magunia ya makala, makaa ya miti, na mahindi kutoka Mutshatsha, na kila nilipopita naye mtaani watu walinisimamisha: “Tata Ramazani! Mama ananona! Unamulisha bien!” Nilikuwa najibu, “Al-hamdu lillahi,” kifua mbele, kana kwamba ule unene nimeushona mimi. Nikirudi safari namletea asali, karanga, samaki wa kukauka, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Yeye alikuwa anakula kidogo kuliko wewe. Nilikuwa naona anakula kidogo na anaongezeka, na sikujiuliza hata siku moja inawezekanaje.

Kisha zahanati wakampima tansio, presha ya damu, ikaonekana iko juu. Mwaka uliofuata, sukari. Wakampa kijitabu cha tansio na kijitabu cha sukari, kila kimoja na siku yake ya kwenda na muuguzi wake. Munganga mmoja, daktari wa hospitali, akatazama damu akasema mafuta yamejaa, apunguze kula. Mwanangu, unajua nilifanya nini? Nilijisifu. Hapa kwetu tansio na sukari tunaziita maladi ya batajiri, ugonjwa wa wenye pesa. Nilikaa na mashofere wenzangu pale tunapongojea mizigo nikawaambia, “Ata kwangu sasa iko sukari!” nao wakacheka, wakanipiga bega. Ningekuwa na redio ningetangaza.

Aibu ya hilo ninaisikia mpaka leo, hata ninapoandika masikio yanapata moto.

Halafu furaha ikanitoka. Mama yako akaanza kusinzia. Anakaa chini kuchambua majani ya sombe, ukimrudia kichwa kimeanguka. Bukari yetu ya unga wa mahindi inapoa kabla haijafika mezani. Mwezi wa kumi, jua la kuua mtu, yeye amevaa puloveri. Anasema, “Baba Asha, mi nasikia baridi.” Mimi namjibu, “Baridi gani? Sema umechoka kazi!” Sauti yake ikawa nzito, nywele zikabaki kwenye chanuo, nyusi zikapungua pembeni. Yote nilikuwa nayaona. Nikampa jina.

Goigoi.

Nililisema mara ya kwanza mbele ya mashofere waliokuja kula kwetu, chai ilipochelewa. “Muniwie razi, bandugu, nilioa goigoi.” Wakacheka. Neno likakaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga. Ulikuwa na miaka tisa siku ulipomwita wewe mwenyewe, “Mama Goigoi, iko wapi kitana?” Huenda umesahau. Mimi sikusahau, kwa sababu nilicheka. Yeye akainuka polepole akakuletea kitana, akakaa nyuma yako akakusuka. Wewe ulikuwa mtoto, umebeba neno la baba yako tu. Hilo halikuhusu, usije ukaenda nalo Kisenge.

Katika miaka hiyo alishika mimba moja ikatoka. Nilimwambia kitu siku ile ambacho sitakiandika hapa. Nimeshamwomba msamaha, akasema amesamehe, lakini hakusema amesahau.

Nimesimama tena. Wachimbaji wanapita hapo nje, wanarudi kutoka Mutoshi, wekundu kwa vumbi toka nywele mpaka viatu, wanapiga kelele za mpira. Nimekwenda mlangoni nikawatazama kana kwamba nina kazi nao. Haya, nirudi.

Sasa nakuja kwenye shingo.

Mwaka ule wa kwanza, kwenye zahanati, yule muuguzi wa tansio alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu. Alipomaliza kumpima alimtazama mama yako usoni muda mrefu, akasema, “Mama, legeza kidogo kitambaa, niangalie shingo.” Mama yako akapeleka mkono kwenye mtandio. Mimi nikaruka. “Apana! Muke yangu hapana kufunuka mbele ya mwanaume!” Niliisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwenye foleni, nikitaka wasikie kwamba sisi ni watu wa dini. Kijana akarudisha mikono. Akasema, “Pardon, tata,” akaandika tansio kwenye kijitabu. Kuanzia hapo kila aliyempima alipima mkono, akachoma kidole, akamwambia apunguze chumvi. Mtandio haukuguswa tena na mtu.

Baadaye sana nilimhadithia sheikh wetu, nikidhani atanipa moyo. Alinikazia macho akasema, “Ramazani, dini haikukuambia hivyo. Mgonjwa anatibiwa. Hayo yalitoka kichwani mwako.” Kweli yalitoka kichwani mwangu.

Na hilo la muuguzi bado ni dogo. Nyumbani mama yako havai mtandio, Asha. Nyumbani mimi nilikuwa naiona ile shingo kila siku ya Mungu. Niliona inajaa hapa mbele, chini ya koo, nikadhani ni ile mikunjo tunayowasifia wanawake. Nilimkataza mganga kuona kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakitazama bila kukiona.

Ilichukua miaka sita. Shangazi yako Mwamini alikuja kututembelea kutoka Kasongo, akalala chumba kimoja na mama yako. Asubuhi alinijia uani, hajanawa hata uso. “We Ramazani, macho yako yako ya kazi gani? Muke wako iko na rovu, shingo imevimba!” Nikamwambia ni unene. Aliniita majina ambayo babu yako angemchapa. Siku hiyohiyo tukaenda hospitali, na bahati tukakuta munganga mwanamke, Mulunda mmoja mwembamba, anayesema taratibu.

Alifunga mlango, akamtoa mtandio mwenyewe. Akampa kikombe cha maji: “Mama, meza.” Mama yako akameza, na kile kitu kikapanda na kushuka pale kooni, mbele ya macho yangu. Munganga akashika mikono yake, akaigeuza. Akauliza, “Mama, unasikiaka baridi?”

Mama yako akalia. Si kwa kelele. Machozi tu yalimshuka. Miaka sita, na huyo alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza. Nilikuwa nimekaa pale na kofia yangu magotini, nikatamani sakafu ipasuke.

Majibu ya damu yalipotoka labo munganga alitueleza, na alinieleza kwa lugha ya kazi yangu, maana alishasikia nauza makala. Alisema hapa shingoni kuna tezi, ndogo tu, na kazi yake ni kupepea mbabula ya mwili, jiko lake la makala. Tezi ikichoka, makala hayashiki. Chakula hata kiwe kidogo hakiungui vizuri, mtu anaongezeka uzito na huku hana nguvu, anasikia baridi, moyo unakwenda polepole. Mafuta yanabaki kwenye damu, mishipa inakuwa migumu, tansio inapanda. Sukari nayo inakosa njia ya kuingia mwilini inakotakiwa. Nikamuuliza, “Kwa hiyo yote ni tezi?” Akatikisa kichwa. “Hapana, tata. Si kila mwenye sukari ana tezi, na si kila mwenye tezi atapata sukari. Lakini hawa ni majirani, wanaitana. Tumbo, tansio, sukari, mafuta, tezi. Wakikutana ndani ya mtu mmoja wanasaidiana kuharibu. Nyinyi mulikuwa munafukuza kila mumoja peke yake, na hapa shingoni hakuna aliyepiga hodi.”

Ningemwambia nini? Kwamba aliyepiga hodi nilimfukuza mimi?

Alianza dawa ya tezi, ile unayomwona anameza asubuhi kwa maji matupu kabla ya chai. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu, lazima unakumbuka. Alirudi polepole, kama mtu anayerudi kutoka safari kwa miguu. Kwanza puloveri ikavuliwa. Halafu sauti. Mafuta ya damu yakashuka, tansio ikashuka hadi munganga akampunguzia kidonge kimoja. Siku moja nikamsikia jikoni anamtania shangazi yako kuhusu meno yake, nikasimama nje ya mlango nikasikiliza mpaka mwisho, sikuingia.

Lakini sukari haikuondoka. Munganga alisema imekaa peke yake muda mrefu mno, imeshazoea nyumba. Vidole vya miguu vya mama yako havisikii. Lile kovu kwenye mguu wa kushoto, ulilozoea kuliona, ni maji ya moto yaliyomwagika akiwa anapika, na hakujua ameungua hadi alipoona ngozi imebabuka. Hilo ni la kwangu. Sisemi kwamba ugonjwa niliuleta mimi, munganga amenikataza kusema hivyo. Nasema muda niliupoteza mimi.

Sasa wewe.

Wiki tatu zilizopita mama yako alikuwa anakusuka. Niliona mikono yake imesimama. Aliushusha mkono mmoja polepole kwenye koo lako, akaurudisha. Usiku ule aliniambia, “Baba Asha, mutoto analala kila kisha alasiri. Na anaombaka shali.” Wewe ukasema ni uchovu wa harusi, na ule uzito ulioongezeka wanawake wote wakaupigia vigelegele, bibi harusi amenona. Nilisikia vile vigelegele nikatoka nje. Jumatatu akakuvuta mkono mpaka labo.

Jumatano mimi ndiye niliyepita kuchukua majibu, nikielekea kununua mafuta. Karatasi za mama yako nimezibeba miaka tisa, najua ni mstari upi wa kutazama. Namba yako imevuka mpaka ule walioandika pembeni. Haikupita kama ya mama yako ilivyopita, yako ni ya kuwahiwa, lakini imepita.

Nilikaa ndani ya motoka na mlango wazi. Unataka kujua niliwaza nini? Sikuwaza afya yako. Nilimwaza mama yake Yusufu. Nilimsikia akisema, “Watu wa Kolwezi wametupa mugonjwa.” Nikawaza nikah iko keshokutwa, mbuzi amefungwa uani, wageni wako njiani. Niliwaza wewe kama motoka inayouzwa, kwamba ukiondoka na mlio mzuri hapa, kinachogonga huko mbele watakitafuta wao. Mtoto wangu mwenyewe. Nikakunja karatasi.

Nilijiambia nitakupa baada ya mwezi, ukishatulia. Na wakati najiambia hivyo nilikuwa najua kabisa munganga alichotuambia zamani kuhusu mimba: mtoto akiwa tumboni, miezi ya kwanza, anategemea tezi ya mama yake, na mwanamke mwenye tezi iliyochoka anatakiwa atangulie hospitali mapema, asisubiri. Nilijua, Asha. Nilikuwa na mke aliyetokwa na mimba na bado nikakunja.

Sina mawaidha. Nimeyatafuta tangu asubuhi, kila nikishika moja linanicheka. Nitasema mawili matatu ninayoyajua kwa kuumia. Ukisikia baridi, sema baridi, na mtu akikwambia hakuna baridi, sema tena mbele ya mtu mwingine. Wakwe wakikusifia kunona, cheka nao, kisha nenda kapime. Na siku Yusufu akikupa jina la mzaha, hata dogo, hata la mapenzi, litazame vizuri kabla hujaliitikia. Mimi nilimwita mtu mgonjwa mvivu kwa miaka, kwa mdomo mmoja tu na kicheko cha wenzangu, na nusu ya mtaa ikaamini. Yeye mwenyewe akaamini. Hilo ndilo siwezi kulimeza: aliamini. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaomba Mungu amwondolee uvivu.

Vidonge na maji na saa, mama yako atakueleza. Yeye ni profesa wa hayo.

Nasikia lango.

Umeingia, umenipita, umerudi tena. Ninaandika haya baada ya wewe kutoka.

Ulisimama hapa mbele yangu na mikono yako umeinyoosha, hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Nilitoa karatasi nikataka kukupa, na huna mkono wa kupokea. Nikabaki nimeishika hewani kama mjinga. Ikabidi niikunjue nikuonyeshe mimi mwenyewe, mstari ule, kwa kidole. Hukuutazama. Ulikuwa unanitazama mimi.

“Baba, kunja tu. Mi najua.”

“Unajua nini?”

“Nilienda labo Alhamisi. Walinisomea mu kaye yao ya majibu. Wakasema, tata yako alishabeba karatasi jana.”

Nikakuuliza Yusufu je.

“Nilimupigia simu ile Alhamisi, mbele ya nikah. Alisema tutatafuta munganga mbele ya kutafuta kitanda.”

Kwa hiyo jana, kijana yule alipokuwa ameshika mkono wangu anasema amekubali, alikuwa anajua, nami nilikuwa namwonea huruma kwamba hajui. Wallahi sijapata kudanganyika vile.

“Na mama yako?”

Hapo ulitazama chini. “Mama njo alinituma.”

Njo yeye, ndiye hasa. Mama yako, aliyeniuliza mara mbili kama majibu yametoka, akasikia bado, akanijazia chai.

“Sasa juu ya nini mulinyamaza?”

Ulinijibu polepole, Asha, kwa huruma, na ndiyo sababu limeniingia mpaka kwenye mfupa: “Mama alisema, tumuache. Tuone kama mara hii atasema yeye mwenyewe.”

Barua hii haina tena la kukuarifu. Nakupa hivyohivyo uisome njiani, pale Mutshatsha mtakapopumzika. Wewe nimekuchelewesha siku tatu, na ninakuomba msamaha. Mama yako nilimchelewesha miaka sita, na bado alikuwa anaamini nitasema.

Baba yako,
Ramazani